Mlango wa Nyuma

Jumanne, 4 Juni

Mama Mzee,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii inakukuta salama wewe na wote hapo nyumbani. Hunijui. Mimi ni mmoja wa vijana wa kujitolea tuliokuja kujenga nyumba za familia zilizobomolewa na mafuriko, na nyumba niliyopangiwa ni ya kwako. Nilifika wewe ukiwa umeshaondoka, ndiyo maana hatukuonana. Jina langu hapa kazini ni Kijiko. Usicheke. Siku ya kwanza nilishika mwiko wa kujengea kama mtu anayeonja mchuzi, fundi mkuu akauliza, "Na hiki kijiko kimetoka wapi?" Basi, likaganda hapo hapo.

Fundi naye tumempa jina, ila hajui. Ni Hapana-Kwanza. Ukimuuliza kama uongeze maji kwenye zege atasema, "Hapana kwanza," ataangalia weee, halafu atasema ongeza.

Kuta zimefika usawa wa madirisha. Kiwanja cha marehemu mama yako ni kizuri, maji hayatuami tena tangu tuinue msingi. Fundi amenituma nikuulize jambo moja, na kwa kuwa huna simu, akasema nimpe barua dereva wa lori la saruji aishushe kwa mama wa duka la vifaa huko uliko. Jambo lenyewe ni hili. Kwenye mchoro wako kuna milango miwili, wa mbele, na mwingine unaotoka chumba cha kulala kwenda nyuma. Nyumba nyingine zote zina mlango mmoja. Fremu iliyoletwa ni moja, na fundi anasema vyumba viwili kuwa na milango miwili ni kuukaribisha upepo ukae na kula. Je, tuzibe huo wa nyuma? Ukikubali tunapandisha tofali Jumatatu.

Nasikia pia kuna kichanga hapo nyumbani. Hongera sana mama kwa kupata mjukuu.

Mwanao,
Kijiko


Jumamosi, 8 Juni

Kijiko mdogo wangu,

Marahaba. Lakini nina miaka ishirini na sita.

Mzee ni mwanangu wa kwanza, ana miaka mitano. Aliitwa hivyo tangu mchanga kwa jinsi alivyokuwa anakunja uso, kama mtu aliyeamshwa kwenye kikao. Na huyo mjukuu nimemzaa mwenyewe, tunamwita Kadogo, na hivi ninavyoandika yuko kwenye ziwa, kwa hiyo ukiona mstari umepanda juu ujue amevuta. Shangazi yangu, ambaye ndiye ametuhifadhi hapa, alicheka barua yako mpaka akakaa chini. Tangu jana ananiita bibi. Wewe niite dada, inatosha.

Sasa nisikilize. Mlango wa nyuma msizibe. Naandika peke yake, kwa herufi kubwa, umpe fundi asome:

MLANGO WA NYUMA MSIZIBE.

Kama fremu hakuna, acheni nafasi wazi, nitatundika hata gunia. Makomeo yawe ya ndani, milango yote miwili, na yawe mepesi, mtoto wa miaka mitano aweze kuvuta bila kuita mtu. Upepo hautuumizi. Niulize kitu kingine chochote, madirisha yaangalie wapi, sakafu iwe ya namna gani, nitakwambia fanyeni mnavyoona. Naomba hilo moja tu, na usiniulize sana sababu.

Mwambie fundi sijasahau makubaliano yetu. Siku zangu za kazi nitazifanya mwishoni, kwenye sakafu na plasta, mwili ukishakaza. Najua sheria yake, ufunguo unapewa mkono wa familia uliofanya kazi, hata uwe umelia vipi. Mkono upo. Kwa sasa umebeba mtoto.

Kadogo amemaliza, anataka kubebwa. Nisamehe mwandiko, shule niliishia njiani na usingizi nimeusahau siku nyingi.

Dada yako,
Mama Mzee


Jumatatu, 17 Juni

Dada yangu Mama Mzee,

Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka! Shikamoo ya bibi naiondoa, naacha ya dada mkubwa.

Fundi alisoma herufi zako kubwa, akasema, "Hapana kwanza," akasoma tena, akasema, "Basi acheni nafasi." Kwa hiyo mlango wa nyuma upo. Au tuseme tundu lipo.

Sasa kaa chini, mpe shangazi mtoto, halafu usome. Baba Mzee amekuja!

Alifika Jumatano asubuhi, mkoba begani, akauliza kama hapa ndipo kwa Mama Mzee. Akasema yeye ndiye baba wa watoto, alikwenda kutafuta kazi mbali, mkapotezana, akasikia kwa watu kwamba nyumba inajengwa kwenye kiwanja cha mama mkwe wake. Hata hakuomba maji. Alivua shati akaanza kubeba. Dada, mume wako ana nguvu! Anabeba tofali mbili mbili, moja kila mkono, mafundi wamembatiza Winchi. Toroli letu lililokuwa linaenda upande kama kaa amelitengeneza. Wazee wa hapa anawaamkia mmoja mmoja. Ana kiti chake cha kukunja, na tukipumzika anakiweka pale kwenye mlango wa mbele, anatukaribisha tukipita kama mwenye nyumba hasa. "Karibuni, karibuni, msigombane, nafasi ipo." Tunacheka.

Nilishangaa kidogo kwa sababu fundi aliandikiwa kwamba mko watatu. Nikadhani labda ni haraka ya kuandika. Fundi amefurahi sana. Amesema mkono wa familia umepatikana, kwa hiyo usijitese na plasta wakati una kichanga, pumzika. Baba Mzee atamaliza siku zenu na yeye ndiye atapokea ufunguo kwa niaba.

Aliniuliza mnakaa wapi huko. Nikamwambia mtaa siujui, ila barua zangu zinashukia duka la vifaa. Machozi yakamlenga. Kweli nilimhurumia.

Lori limevunjika gia, wiki hii haliji. Amejitolea kukuletea barua hii mwenyewe. Kwa hiyo ukisoma hapa, yuko mbele yako! Mpe maji ya kunywa kwanza, safari ni ndefu.

Mdogo wako mwenye furaha,
Kijiko


Alhamisi, 20 Juni

Kijiko,

Barua hii imefungwa mbele ya dereva wa basi ambaye ni shemeji yake mama wa duka, na ameapa kukupa mkononi. Kama umepewa na mtu mwingine, iache hapo hapo, usisome.

Hajanikuta. Naanza na hilo ili usipige kelele mbele ya watu.

Alifika dukani Jumanne na barua yako. Akamsalimia mama wa duka vizuri, akamuuliza kuhusu biashara, akasema anamtafuta mke wake mgonjwa. Mama wa duka ni mtu wa kuuza misumari, uso wake hausomeki. Akamwambia, "Watu wengi wanapita hapa, baba, mimi nawajua kwa saruji, siwajui kwa majina." Akaacha barua. "Akija, mpe." Halafu akavuka barabara, akakaa kwenye benchi la fundi baiskeli, akaangalia mlango wa duka mpaka likafungwa. Na jana akarudi akakaa tena. Shangazi alikwenda kununua bawaba, mama wa duka akamfungia barua yako ndani ya gazeti pamoja na bawaba hizo. Shangazi akapita mbele yake akaja nayo nyumbani. Hamjui shangazi, hawajawahi kuonana. Hiyo ndiyo bahati tuliyonayo.

Leo asubuhi hayupo. Nadhani amerudi kwenu.

Uliambiwa usiniulize sababu, na hukuuliza, kwa hiyo hili sikulaumu. Nilimficha fundi, nikakuficha na wewe. Niliogopa wakisikia nina mume watasema huyu si mhitaji, akaendelee kukaa kwa mume wake. Sasa nakwambia.

Chumba tulichokaa naye kilikuwa na mlango mmoja. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, Kijiko. Majirani hawakuwahi kumsikia. Alikuwa anachukua kiti, anakiweka mlangoni, anakaa. Basi. Nikitaka kwenda sokoni, amekaa. Nikitaka kwenda kwa rafiki, amekaa, anatabasamu, anawasalimia wapita njia, "Karibuni, karibuni." Na mimi nyuma yake nimesimama na kikapu. Ukimgusa begani upite, anakushika mkono, anauminya taratibu huku anaendelea kuzungumza na mtu wa nje. Wa kushoto mpaka leo haunyooki vizuri.

Mara ya mwisho Mzee alikuwa na homa, amelegea, macho yamegeuka. Nikasema naenda hospitali. Akasema, "Mtoto atapoa." Akakaa. Jua likatoka upande mmoja likaenda upande wa pili, amekaa. Alipoinama tu kuwasha redio nilimpitisha Mzee dirishani, nikapita na mimi, na tumbo la miezi saba. Sijui nilipitaje. Dirisha lile hata leo ukinionyesha nitasema halinitoshi.

Nyumba ya marehemu mama ilikuwa imeshachukuliwa na mafuriko, nikakimbilia kwa shangazi. Simu niliitupa njiani kwa sababu ndiyo aliyokuwa ananipatia kila ninapokwenda. Ndiyo maana ya barua. Ndiyo maana ya mlango wa nyuma.

Usimwonyeshe kwamba umejua. Cheka naye vile vile. Mwambie fundi, yeye peke yake. Na ufunguo asipewe. Huo ufunguo akishaushika, mimi na wanangu hatuna kwetu.

Jibu kwa dereva huyu huyu wa basi.

Mama Mzee


Jumatatu, 24 Juni

Dada,

Niliipata barua yako Ijumaa, nikaisomea chooni.

Yupo. Alirudi Alhamisi jioni, akaja moja kwa moja kwangu. "Kijiko, barua imefika. Mwenye duka mtu mzuri sana." Anatabasamu. Nikatabasamu na mimi, dada, mdomo ukauma. Tangu siku hiyo kila nikigeuka yuko hapo. "Kijiko, huandiki barua siku hizi?" "Kijiko, Mama Mzee hajajibu?" Nikasema lori bado bovu. Akasema, "Hata basi hupandi kupeleka?" Sijui anajua nini.

Nilimwambia fundi. Nilimvuta nyuma ya tangi la maji nikamweleza yote, hata la mkono wako. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Hapana kwanza." Safari hii hakuendelea. Anasema mambo ya mke na mume yana pande mbili na yeye amesikia moja tena kwenye karatasi. Anasema mtu yule hajakosa hata siku moja. Na ile sheria yake, dada, alinieleza alikoitoa. Zamani walikuwa wanajenga, mama wa watu anabeba tofali mwezi mzima, siku ya mwisho anatokea mwanamume amevaa suti, anapokea ufunguo mbele ya watu. Ndipo akaweka sheria, asiyebeba hapewi. "Niliiweka kwa ajili ya akina mama," akaniambia. "Sasa niivunje kwa ajili ya barua?" Nikamwambia fundi, angalia sheria yako inampa nani. Akaondoka. Hakula mchana.

Bati zimepigwa. Ufunguo ni Jumamosi hii, tarehe 29. Plasta na sakafu Baba Mzee amesema atamalizia mwenyewe akishaingia.

Na jambo jingine sijui niandikeje. Jumamosi tulikwenda kula, tukamwacha peke yake kwenye kiti chake. Tuliporudi mlango wa nyuma haupo. Ameuziba. Tofali moja moja, mpaka juu, udongo wa saruji umefutwa vizuri kwenye maungio. Mafundi wakasimama kuangalia, mmoja akaweka pima maji, akapiga mluzi. Ukuta wake umenyooka kuliko wetu. Yeye anafuta mikono, ananiangalia mimi. "Mke wangu hapendi upepo," akasema.

Nilimpa mimi jina la duka. Kila nikilala naliona hilo. Nifanye nini, dada?

Kijiko


Jumatano, 26 Juni

Mdogo wangu,

Kwanza, futa machozi. Hukujua kwa sababu sikukwambia. Mzigo huo ni wangu, ulete huku, una mwenyewe.

Naja. Nimewaza mchana kutwa nikifua nepi, nikaona kama siji sasa, nitakuwa nakimbia mpaka Kadogo aolewe. Mzee nitamwacha kwa mama wa duka, ameshamwahidi kazi ya kupanga bolti kwa ukubwa, naye anajiona amepewa cheo. Kadogo bado ananyonya, nakuja naye. Shangazi anakuja pia. Anasema anakuja kumshika mtoto, lakini nimeona ameweka mchi kwenye mkoba.

Tutateremka Jumamosi basi la kwanza. Mwambie fundi maneno haya, usipunguze: Mama Mzee anakuja kufanya siku zake alizoahidi. Haombi ufunguo. Anaomba kazi. Hajaja kuvunja sheria, amekuja kuifuata, na makubaliano yalikuwa na yeye, si na mtu mwingine. Akisema hapana kwanza, mwambie sawa, atanijibu nikifika.

Wewe nataka unifanyie kitu kimoja. Ile nyundo kubwa ya kuvunjia, iweke nyuma ya nyumba, kwenye nyasi, karibu na ule ukuta wake ulionyooka. Halafu kaa mbali. Usisimame kati yangu na yeye, hata ukiona nini. Wewe ni mtoto wa watu, nitamwambia nini mama yako.

Naogopa, Kijiko. Nakwambia wewe kwa sababu shangazi nikimwambia atatoa ule mchi. Sijamwona tangu dirishani. Najua atakachofanya, atakaa kwenye kile kiti aniambie karibu. Na mimi miguu yangu inajua kutii, ndilo linaloniogopesha. Nimejiambia sitapita mbele. Mbele nikienda, nitasimama kama zamani. Nitazunguka.

Dada yako


Jumatatu, 15 Julai

Dada,

Nakuandikia kutoka huku tulikohamishiwa, nyumba nyingine, familia nyingine. Lori lilituchukua Jumatatu ile alfajiri hata kuagana vizuri hatukuagana, ulikuwa umelala na Kadogo kwenye hema letu, umejikunja, nikaona nisikuamshe. Zimepita wiki mbili sijasikia neno. Kila basi likisimama naangalia.

Watu wa huku wananiuliza ilikuwaje, nawasimulia, nikifika katikati nakwama. Kwa sababu mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya tangi la maji kama ulivyoniambia, kwa hiyo niliona pande zote mbili. Yeye hakuona upande wako. Alikuwa amekaa mlango wa mbele, amevaa shati jeupe, watu wote wamekusanyika, fundi ana ufunguo mfukoni. Ulipotokea barabarani akafungua mikono. "Karibu, mama, karibu nyumbani!" Watu wakapiga makofi, dada. Wengine walilia kwa furaha. Nikaona umesimama. Nikaona miguu yako kweli imesimama. Nikasema moyoni, dada amekwisha.

Halafu ukampa shangazi mtoto, ukazunguka.

Ule mshindo wa kwanza ulimfanya fundi aruke. Wa pili, ukuta ukatoa vumbi. Hakuwa ameufunga na ukuta wetu, alikuwa ameuchomeka tu kwenye nafasi, mzuri kwa macho. Ulipiga kwa mkono wa kulia peke yake, ule mwingine umeubana tumboni. Tofali la tatu likaangukia ndani. Ndipo alipoinuka akaja, na sura yake, dada, sijawahi kuiona sura ile, siku zote zile nilizocheka naye. Fundi alikuwa anamuuliza tu kwa ustaarabu, "Kwani nani alikuagiza kuziba hapa?" Na yeye akasema mbele ya watu wote, tena polepole, "Hii ni nyumba yangu na huyo ni mke wangu. Akitaka kutoka atapita pale ninapokaa mimi."

Makofi yalikwisha hapo. Nilisikia bati zinalia kwa jua.

Fundi alitoa ufunguo mfukoni, akauangalia, akaurudisha. "Hapana," akasema. Tukangoja ile kwanza. Haikuja.

Niambie yaliyofuata baada ya sisi kuondoka. Alipoondoka aliniangalia mimi, akasema atarudi kuchukua kiti chake. Je, alirudi?

Kijiko


Jumatatu, 5 Agosti

Kijiko mdogo wangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nafanya siku zangu. Fundi hakunipunguzia hata moja. Sakafu yote nimeisawazisha mwenyewe, kwa magoti, Kadogo kwenye karai karibu yangu ananipigia kelele kama msimamizi. Plasta ya chumbani ina mabonde, ukiipitisha kiganja unadhani ni mgongo wa mamba, lakini ni yangu. Siku fundi aliponipa ufunguo hakukuwa na watu wala makofi, ilikuwa yeye na mimi tu na toroli. Akauweka kwenye mkono wa kushoto, makusudi, akanikunja vidole. Akasema tangu sasa ataandika swali jingine kwenye kuchagua familia, amuulize mama peke yake, pembeni, kuna mtu anamwogopa? Mlango wa nyuma amenitengenezea kwa mbao zilizokuwa za kumwagia zege. Mzito, mbaya kwa sura, komeo ndani. Mzee ameshalivuta mara mia, tumemkataza.

Alirudi. Jana, Jumapili, tumetoka kunywa chai.

Kiti chake tulikuwa tumekiacha nje ukutani, hakuna aliyetaka kukigusa. Nikasikia kinakunjuliwa. Unaujua ule mlio. Mzee aliujua kabla yangu, alikuwa anachora sakafuni, chaki ikaanguka, akanyamaza vile alivyokuwa ananyamaza zamani. Nikachungulia. Ameuegemea mlango wa mbele, mgongo kwetu, anasalimia watu. "Karibuni, karibuni." Halafu kwa sauti ya chini, kwa mimi, "Mama Mzee, sina haraka."

Mdogo wangu, nilisimama pale na kitambaa cha vyombo mkononi sijui muda gani. Mwili wangu ulisharudi kule kwenye chumba kimoja. Ulikuwa unangoja ainame kuwasha redio.

Mzee akanivuta gauni. Akanyoosha kidole chumbani.

Tukatoka. Hivyo tu. Nilimfunga Kadogo mgongoni, Mzee akavuta komeo taratibu kama nilivyomfundisha, tukapita nyuma, kwa jirani mshona nguo. Akaacha cherehani akawaita wengine wawili, tukaenda kituo cha polisi, wanawake wanne na watoto. Nilieleza kila kitu, na mshona nguo akaongeza mambo ambayo hata hakuyaona. Ilichukua muda, walitaka kujua hili na lile, waliuona mkono, wakaandika. Tuliporudi na askari wawili jua lilikuwa limeshageuka.

Alikuwa bado amekaa. Anawaambia wapita njia habari za hali ya hewa.

Askari akamuuliza, "Unamngojea nani, bwana?"

"Mke wangu. Yumo ndani, ana hasira kidogo. Atatoka tu."

Askari akaniangalia mimi niliyesimama nyuma yake, mtoto mgongoni, halafu akamwangalia yeye. "Yumo ndani," akasema.

Akageuka. Kijiko, nilidhani nikiiona sura ile nitaanguka. Lakini alikuwa ananiangalia mimi, halafu anaangalia mlango, halafu mimi tena, kama mtu anayetafuta nilipotokea; ule mlango wa mbao hakuwahi kuuona. Alikuwa ameilinda nyumba tupu mchana kutwa. Mzee ndiye alianza kucheka. Nilitaka kumnyamazisha, nikaacha.

Wameondoka naye. Wamesema kesi itasikilizwa, tutaitwa. Sisemi yamekwisha. Nalala macho nusu, na mshona nguo amenipa filimbi. Shangazi ameniachia mchi.

Kiti hakukichukua. Nilifikiri kukichoma, halafu leo nikakipatia kazi. Fundi alisema kweli, mlango ule unaingiza upepo, unapigwa pa, pa, unamwamsha Kadogo. Kwa hiyo nimekizungusha mpaka nyuma, nimekiegemeza kwenye ule mlango mzito wa mbao, kinauzuia usijifunge.

Ukija, pita huko. Upo wazi.

Dada yako,
Mama Mzee